Marehemu Hapimwi, Anasimuliwa

Nenda matanga yoyote hapa Munyaka ya kijana aliyejitoa uhai, ukae nyuma karibu na sufuria za chai. Mama atasema mtoto alikuwa mtulivu. Marafiki wa stejini watasema ni deni la pikipiki. Shangazi atasema alibadilika tangu vurugu za 2008. Kwetu Eldoret jibu hilo liko tayari mfukoni, hata kwa mtu ambaye mwaka huo alikuwa bado ananyonya.

Sasa weka daktari hapo, anaandika. Kutokana na maneno hayo atampa marehemu jina la ugonjwa wa akili.

Mambo haya yana historia. Los Angeles, 1958, mchunguzi mkuu wa vifo, Theodore Curphey, alikuwa na maiti za watu waliouawa na dawa, hajui kama ni ajali au kusudi. Akawaita kina Edwin Shneidman wawahoji jamaa. Swali lilikuwa moja: alikusudia? Lakini kule St. Louis, Eli Robins na wenzake walikuwa wamehoji kuhusu watu 134 waliojiua. Walipochapisha 1959, walisema zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa wagonjwa wa akili. Hesabu za aina hiyo hurudiwa hadi leo kama aya.

Mimi zinanitatiza. Depresheni huishi ndani: kukosa raha, kujiona si kitu. Mama anaweza kukumbuka ugali uliobaki kwenye sahani, lakini mawazo ya mwanawe hakuyaona. Heidi Hjelmeland, Mnorwe aliyetafiti pia Uganda, aliandika na wenzake 2012 kwamba njia hii haifai kutambulisha ugonjwa.

Na kwetu kulikuwa na sheria, mali ya mkoloni. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipokibatilisha Januari 2025. Ukimuuliza ndugu, "Aliwahi kujaribu?", unamuuliza mtu ambaye kwa miaka amezoea kusema alianguka tu.

Sisemi wasiulizwe. Muulize mama alikuwa analala saa ngapi, nani alimdai, aliacha lini kula na wenzake. Hayo anayajua kuliko daktari, na hayo ndiyo Curphey alikuwa anatafuta.