Alama za Ekicholong

Anayetaka kuitambua samani ya kale aghalabu hufundishwa kuitazama miguu yake, mgongo wake na nakshi zake. Na katika miji ya pwani kanuni hiyo yatosha, kwani kiti cha enzi cha Lamu chajitangaza chenyewe kwa mpingo wake mweusi, kwa vipande vya pembe ya ndovu vilivyotiwa katika mbao, kwa kamba zilizosukwa mgongoni, na kwa kibao cha kuwekea miguu kilichotangulizwa mbele. Kiti hicho kilikuwa cha mgeni mtukufu, nacho kilikaa sebuleni kikimngoja. Lakini katika nchi ya Turkana, toka Lodwar kwenye ukingo wa mto Turkwel hadi Kakuma kwenye mto Tarach, mwendo wa kilomita 120 hivi, wafugaji waliishi kwa kuyafuata malisho, na mtu ahamaye hana faida ya kiti kimngojacho. Hana budi kuwa na kiti kinachofuatana naye. Haja hiyo ndiyo iliyokileta duniani kigoda kiitwacho ekicholong, ambacho mchana hukaliwa na usiku huwekwa chini ya kichwa, nacho, pamoja na udogo wake wote, kina mtindo uliokamilika sawa na samani ya jumba lolote.

Alama yake ya kwanza ni kwamba hakina kiungo. Fundi hutwaa gogo moja la mti mgumu, akalichonga kwa tezo na kisu mpaka kikalio na miguu vikatokea katika mti ule ule, pasipo msumari wala gundi. Ya pili ni kikalio chenyewe, ambacho ni chembamba, kirefu kuliko upana wake, na aghalabu kimebonyea kidogo katikati. Ya tatu ni miguu: vigoda vingine vina miwili iliyotanuka, vingine mitatu, na vingine vina shina moja lililosimama juu ya kitako cha mviringo. Ya nne ni ukanda wa ngozi, ambao mwanamume hukishikia kigoda chake mkono mmoja na fimbo yake. Nakshi ni haba, labda mistari michache iliyochorwa kwa ncha ya kisu, labda shanga chache katika ukanda.

Kila moja ya alama hizo ina sababu. Mwanamume wa Kiturkana wa zamani alizisiliba nywele zake kwa udongo, akazifanya fundo kisogoni, akachomeka humo manyoya ya mbuni, na pambo hilo lilikuwa dalili ya hadhi yake. Kulilaza mchangani kungekuwa kuiharibu kazi ya saa nyingi na kujivunjia heshima. Kwa hiyo kimo cha kigoda kilipimwa kukiinua kichwa, na wepesi wake ulipimwa kwa safari. Wanawake walikalia ngozi. Kigoda kilikuwa chombo cha mwanamume, na wazee walipokutana kivulini kuamua mambo ya mifugo na amani, kila mmoja alikuja na cha kwake.

Mintarafu ya umri, rangi nyeusi si ushahidi, kwa sababu moshi na mafuta huweza kuupa mti mpya weusi wa mti mkongwe katika muda mfupi. Ushahidi umo katika mahali palipochakaa. Kigeuze kigoda juu chini: kikiwa kimetumika kweli, upande wa chini utakuwa bado na alama za tezo, mikato mifupi iliyopangana, ilhali kikalio kitakuwa kimelainika na kung'aa kwa jasho na mafuta ya miaka. Nyayo za miguu zitakuwa zimeviringika kwa kusuguana na changarawe, wala hazitalingana, maana hakuna akaaye kwa mizani sawa maisha yake yote. Na pale ukanda ulipofungwa, ngozi itakuwa imejichimbia mfereji mdogo katika mti. Kigoda kilichochakaa sawasawa pande zote kimechakazwa kwa makusudi.

Kuhusu nasaba, masimulizi ya Waturkana yanasema kwamba vijana wa Kijie walitoka nyanda za juu za magharibi, ambazo leo zimo Uganda, wakimfuata ng'ombe dume aliyepotea, wakashuka na bonde la Tarach mpaka wakamkuta mwanamke mzee, Nayece, akichuma matunda ya mwituni, na kwao wakatokea Waturkana. Ndiyo maana kigoda cha Mturkana na cha Mjie, pamoja na cha jamaa zao Mkaramojong na Mtoposa, vinafanana kama watoto wa nyumba moja, na anayedai kuvitenganisha kwa kutazama tu ana haja ya kukawia. Kisha mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa Kakuma, yalifika makabila yenye mapokeo mengine. Wadinka hutafuta tawi ambalo maumbile yenyewe yameligawa, wakaacha panda zake ziwe miguu, hata kigoda kikafanana na mnyama aliyesimama. Wasomali huchonga mto wa kichwa wenye nguzo mbili bapa zilizojaa nakshi za kusukana. Ni mahali pachache duniani ambapo mapokeo hayo yote yanaishi jirani.

Mito ya kichwa ilikuwamo pia katika kaburi la Tutankhamun lililofunguliwa Misri mwaka 1922, na wako wanaokimbilia kusema kwamba Mturkana aliirithi kwa Farao. Kufanana si nasaba: shida moja huweza kuzaa jawabu moja katika nchi mbili zisizojuana.

Leo viti vya plastiki vimeenea Lodwar na Kakuma, na vigoda vingi vya kale vimeuzwa kwa wageni, vikasafiri mbali bila jina la mchongaji, la mwenyewe wala la mahali. Umbo laweza kutuambia kigoda ni cha mapokeo gani, na uchakavu ukatuambia kilitumika namna gani. Kilikuwa cha nani, hilo halimo katika mti. Basi kila mwenye ekicholong ya babu yake na aandike leo, wazee wangali hai, jina la aliyeichonga, la aliyeikalia na la kisima walichonyweshea mifugo, aihifadhi karatasi hiyo pamoja na kigoda. Na shule za Turkana ziwafundishe watoto kazi hiyo, kwa kuwa ni elimu ya historia iliyomo tayari nyumbani mwao.