Mtazamo wa Nafsi ya Kwanza

Tafsiri ya neno kwa neno ya "first-person shooter" imezaa "mpiga risasi wa mtu wa kwanza", na anayeisoma ana haki ya kuuliza Adamu alikosa nini mpaka apigwe risasi. Linalotajwa ni gemu la jamii ya Doom (1993) na Quake (1996): skrini ndiyo macho yako, na kinachoonekana cha mwili wako aghalabu ni mikono iliyoshika silaha.

"Mtu" huyo ametoka kwenye sarufi, na sarufi ya Kiswahili inayo istilahi yake ya siku nyingi: nafsi. Nafsi ya kwanza ni mimi na sisi. Wahakiki wa fasihi nao huitumia. Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974) inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, msomaji akiwa amefungiwa ndani ya kichwa cha msimulizi, Kazimoto. Basi tuseme "gemu la nafsi ya kwanza"? Tumekaribia, ila bado.

Wasikilize vijana wanaocheza gemu la mpira. "Nimefunga!" anapaza mmoja, ilhali kamera iko juu ya uwanja na yeye anaendesha timu nzima. Katika gemu lolote mchezaji husema kwa ni-: nimekufa, nimepona, nimeishiwa risasi. Nafsi ya mdomoni haitenganishi gemu moja na jingine. Kinachoyatenganisha ni mahali lilipowekwa jicho, ndiyo maana sikubali neno mtazamo liachwe.

Na tofauti hiyo si ya wanasarufi peke yao, kwa sababu ndiyo inayomuua mchezaji. Katika Dark Souls (2011) kamera humfuata mhusika kwa nyuma. Unauona mgongo wako, unamwona anayekunyemelea, na ukiizungusha kamera unaweza hata kuchungulia nyuma ya nguzo ambako mhusika mwenyewe hajafika. Quake, kwa mpangilio wake wa awali, inakupa uono wa nyuzi 90 tu, nawe umezaliwa na macho yanayomudu zaidi ya nyuzi 180. Kilicho nyuma yako ni kama hakipo, mpaka kikuume au kingurume. Hapo masikio yanachukua kazi ya macho: zimwi likikuona hutoa sauti, na mchezaji mzoefu hugeuka kwa sauti hiyo kabla hajajua ni zimwi gani. Si ajabu muziki na sauti za Quake zilitengenezwa na Trent Reznor wa bendi ya Nine Inch Nails.

Ugothiki, yaani hofu ya ngome kuukuu, makaburi na laana iliyoingia katika riwaya kwa The Castle of Otranto ya Horace Walpole (1764), unaota vizuri katika udongo huu wa mgongo usioonekana. Mfano wa karibuni ni gemu la Witchfire la studio ya The Astronauts ya Poland, ambayo mwanzilishi wake mmoja, Adrian Chmielarz, ndiye aliyekuwa nyuma ya gemu la Painkiller (2004). Witchfire ilianza kuuzwa Septemba 2023 ikiwa bado inajengwa. Wewe ni mwindaji wa wachawi uliyeundwa na Kanisa kwa uchawi wa kipagani, jambo ambalo Kanisa lenyewe limelikataza. Kukwepa kunakula stamina; ukifa, moto wa kichawi uliokuwa umeukusanya unabaki pale ulipoangukia, ukaufuate. Sheria hizo ni za ukoo wa Dark Souls, lakini jicho ni la ukoo wa Quake, na ugumu wake unatokana na ndoa hiyo: unatozwa kwa kila kosa, na mgongo wako huuoni.

Limebaki "risasi". Katika Quake bunduki mojawapo hurusha misumari, na katika Witchfire mkono hurusha uchawi. Kitenzi kufyatua kinafaa kwa vyote, kwani Mswahili hufyatua bunduki, mshale na hata mtego. Kwa hiyo: gemu la ufyatuaji la mtazamo wa nafsi ya kwanza. Watakaolalamika kwamba ni refu wana hoja. Vijana wakiwa na kidhibiti mkononi waseme tu gemu la kufyatua, wataelewana. Kwenye kamusi na tahakiki liandikwe lote.