Dungu Ukingoni mwa Shamba

Aprili 1866 David Livingstone alitoka Mikindani kuelekea mto Ruvuma, akiwa na punda, nyati wa kufugwa na ngamia. Njia za Wamakonde zilimtosha mtu mwenye mzigo kichwani, lakini ngamia na shehena zao walikuwa wakinasa matawini. Ikabidi waajiriwe vijana wenye mashoka, watangulie mbele wakifyeka vichaka.

Anayetaka kuelewa uwindaji wa upinde Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania, aanzie kwenye vichaka hivyo. Uwanda wa Makonde hupanda polepole kutoka pwani hadi ukingoni Newala, halafu ardhi inakatika ghafla na chini kabisa unaonekana Ruvuma. Juu ni mchanga unaonyonya mvua yote. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka gengeni kuchota maji na kupanda nayo tena, hadi mradi wa kusukuma maji kwa mitambo ulipoanza miaka ya 1950. Watu walikubali taabu hiyo kwa sababu vichaka viliwaficha. Misheni ya Masasi, iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876 pamoja na watumwa walioachwa huru, ilikuwa chini, katikati ya vilima vya mawe. Septemba 1882 ilivamiwa na Wangoni, walioitwa huko Wamagwangwara, na wamisionari wakahamia Newala.

Kichaka kilichomzuia mvamizi kilimzuia pia mpiga mishale. Mshale unataka nafasi. Kijiti chembamba kikiugusa tu, umeshapotea. Huko Masasi kwenye miombo, ambako miti imeachana, mtu mwenye upinde na podo aliweza kunyata hadi amfikie mnyama. Juu ya uwanda alikuwa akimsikia nguruwe pori hatua kumi tu mbele yake asimwone hata mkia. Ndiyo maana kazi kubwa ilifanywa kwa nyavu, mbwa, mashimo na mitego. Karl Weule, mtaalamu kutoka makumbusho ya Leipzig aliyekaa Masasi, Chingulungulu na Newala mwaka 1906, alirudi Ujerumani na maelezo ya mitego ya namna nyingi, kuanzia ya panya hadi ya wanyama wakubwa. Alipiga pia picha ya nyumba zilizojengwa juu ya nguzo kandokando ya Ruvuma, karibu na mahali mto Bangala unapoingilia.

Kupanda juu, basi, si jambo geni kusini. Tofauti na kwingine ni kwamba mahali pa kukaa juu hapakubebwa.

Mwindaji wa upinde wa Marekani leo hubeba kiti chake mgongoni, cha chuma au alumini, akakifunga kwa mikanda kwenye shina la mti, akapanda nacho, na jioni akakishusha. Anakwenda na kiti kwa sababu yeye ndiye anayemfuata mnyama msituni. Mkulima wa Newala hakuwa na haja ya hayo yote. Mtama, mahindi na mihogo yake vilimwita nguruwe kila usiku, naye alichotakiwa ni kuwa pale nguruwe atakapotokea. Kwa hiyo alijenga dungu ukingoni mwa shamba, akalikaa msimu mzima, na shamba lilipohamishwa dungu likaachwa lioze.

Ujenzi wenyewe ni wa siku moja. Nguzo nne zenye panda huchimbiwa, fito nene hulazwa juu ya panda, nyingine hupangwa juu yake kuwa sakafu, na vyote hufungwa kwa kamba za magome ya miti. Paa ni la nyasi, dogo, la kumkinga mtu na umande. Ngazi ni gogo lililochanjwa vidato. Chini au pembeni huwashwa moto, kwa ajili ya joto na moshi wa kufukuza mbu, ingawa anayetaka kuua kuliko kufukuza huuzima mapema. Mchana hukaa watoto na makombeo yao, wakipigana na ndege na ngedere. Usiku hupanda mkubwa, na debe la kugonga, mkuki au upinde. Kutoka juu mshale huteremka kwenye uwazi uliofyekwa, bila kijiti njiani. Shamba lenyewe limempa mpiga upinde ile nafasi ambayo kichaka kilimnyima.

Ajabu ni kwamba wageni waliokuja Tanganyika na upinde kama mchezo hawakuyaona madungu hayo. Mwaka 1925 Wamarekani Saxton Pope na Art Young, pamoja na mwandishi Stewart Edward White, walikuja kuwinda simba kwa mishale upande wa kaskazini, bunduki ikiwa tayari nyuma yao. Simba walianguka, na vitabu vikaandikwa. Leo chama kikubwa cha wawindaji wa upinde huko Marekani kina majina ya Pope na Young. Wakati huohuo Mtanganyika mwenye upinde alikuwa ameshawekewa masharti kwa karibu miaka 30: kanuni za Hermann von Wissmann za Mei 1896 zilidai leseni ya kuwinda, na serikali za baadaye zikaendelea kukaza kamba.

Gharama ya sheria hizo ilionekana mashambani. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala ya mwaka 1997 kuhusu Uzaramo, alionyesha jinsi uwindaji wa pamoja wa nyavu ulivyozorota, wanaume walivyochukuliwa kwenda kufanya kazi kwingine, na nguruwe walivyoongezeka hadi njaa ikaingia katika sababu za vita vya Majimaji. Alichunguza Uzaramo, si Newala. Lakini hesabu yake haimpi taabu mkulima wa kusini kuielewa: wavu unataka wanaume wengi wa kijiji, dungu linataka mtu mmoja asiyelala. Wavu ukiondoka, mzigo wote unamwangukia huyo mmoja.

Waingereza walileta askari wa wanyamapori. Maarufu kuliko wote kusini ni Constantine Ionides, aliyekuwa jangili wa pembe za ndovu kabla ya kuingia idara ya wanyamapori mwaka 1933, akakaa Liwale. Uzeeni alihamia kwenye nyoka, akajulikana kama Bwana Nyoka, na Newala ikawa kituo chake. Wanakijiji walimletea habari za fira na songwe, lakini hasa nyoka aina ya mamba wa kijani aliyejificha kwenye mikorosho na miembe, naye alikwenda na koleo lenye mpini mrefu kumtoa matawini akiwa hai. Kifaa hicho kiliingia kwenye miti ya Newala, lakini hakikuwa cha kuwindia nyama.

Mikorosho hiyo ilibadili mambo. Newala na Masasi zilikuwa kiini cha zao lililofikia tani 145,000 kwa taifa msimu wa 1973/74. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Watu wakasogezwa mbali na mashamba yao, mikorosho ikamezwa na vichaka, na kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa tani 16,500 hivi. Bei na magonjwa ya mimea navyo vilichangia, ila kwa nguruwe pori sababu haikuwa na maana: alipata maficho yaliyofika hadi mlangoni mwa shamba. Mkulima akalazimika kulala huko, mbali na majirani.

Nyuma ya nguruwe alikuja simba. Craig Packer na wenzake, wakiwemo Dennis Ikanda na Bernard Kissui, waliandika katika jarida la Nature mwaka 2005 kwamba tangu 1990 simba waliwaua watu wasiopungua 563 Tanzania, na kujeruhi wengine zaidi ya 300, mashambulizi mengi yakiwa kusini na msimu wa mavuno ukiwa mbaya zaidi. Baadhi ya waliouawa walikuwa wakilinda mazao, wamelala kwenye vibanda vya shambani. Kibanda cha chini chenye kuta za nyasi hakimzuii simba, na hata dungu la juu huwa mtego likiwa fupi, kwa sababu simba aliyemfuata nguruwe hadi pale haoni tabu kuruka.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inapiga marufuku sumu, mashimo na mitego ya waya, ingawa inamruhusu mtu kujitetea yeye na mali yake. Watafiti wamezungumzia kumzuia nguruwe mwenyewe, kwa mfano kwa mitaro ya kuzunguka mashamba, ili simba akose cha kufuata. Mtaro huo unapaswa kuwa tayari kabla ya mvua za kupandia, na miezi inayozitangulia ndiyo ambayo kila mkono wa Newala uko chini ya mikorosho, ukiokota.