Uzi: Kuunganisha maeneo kunaokoa pesa? Waulize watu wa mashariki mwa Ufaransa

Kila msimu wa bajeti hoja hii hurudi: ati kaunti 47 ni nyingi mno, tuziunganishe zibaki chache, mishahara ipungue na tupate maeneo makubwa yenye nguvu. Kusema ukweli, mimi mwenyewe niliwahi kuitetea darasani, na nikapigiwa makofi. Halafu nikasoma kisa cha Grand Est. Kama kawaida ya nyuzi zangu, sitaji mwanasiasa wala chama. Twende.

Grand Est ni mkoa wa kaskazini mashariki mwa Ufaransa. Ulizaliwa tarehe 1 Januari 2016, serikali ya Paris ilipopunguza mikoa ya bara kutoka 22 hadi 13. Alsace, Lorraine na Champagne-Ardenne zikafanywa mkoa mmoja wenye wilaya 10 na watu takriban milioni 5.5. Unapakana na nchi nne: Ubelgiji, Luxembourg, Ujerumani na Uswisi.

Waliotetea mpango huo walikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni ileile yetu, kuokoa pesa. Ya pili ilisema mkoa ukiwa na "ukubwa wa Ulaya" utaweza kusimama bega kwa bega na majimbo ya Ujerumani. Hii ya pili ndiyo iliyoniteka mimi, kwa hivyo nitakaa nayo zaidi.

Lakini kwanza historia kidogo, la sivyo hutaelewa kwa nini watu wa Alsace walikasirika. Mwaka 1871 Ujerumani ilishinda vita ikachukua Alsace na sehemu ya Lorraine. Ufaransa ikazirudisha 1918, zikachukuliwa tena 1940, zikakombolewa kati ya 1944 na 1945. Fikiria mtu aliyezaliwa Strasbourg mwaka 1869 akaishi hadi vita vya pili viishe: amebadilishiwa dola mara nne na hajahama hata nyumba. Mpaka leo Alsace na Moselle zina sheria zao. Ile sheria ya 1905 iliyotenganisha dini na dola haitumiki huko, kwa hivyo mapadre, wachungaji na marabi wanalipwa na serikali. Watu hao wana hata sikukuu mbili ambazo Wafaransa wengine hawana. Sasa mtu wa Paris anakuja na kalamu na kuwaambia mko mkoa mmoja na wakulima wa zabibu wa Champagne, kwa sababu ramani inapendeza hivyo.

Ajabu ni kwamba Ulaya hii yenyewe, kwa kiasi kikubwa, ilianzia hapo. Chini ya ardhi ya Lorraine kulikuwa na madini ya chuma na makaa ya mawe, vitu ambavyo bila hivyo huwezi kupigana vita ya kisasa. Tarehe 9 Mei 1950 waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa alipendekeza makaa ya mawe na chuma vya Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja ya pamoja. Mtu huyu alikuwa mbunge wa Moselle, mzaliwa wa Luxembourg, na alizaliwa akiwa raia wa Ujerumani. Alijua anachosema. Mwaka uliofuata nchi sita zilitia saini mkataba jijini Paris, na Umoja wa Ulaya ukakua kutoka hapo.

Strasbourg ndiyo iliyopata heshima. Baraza la Ulaya liko hapo tangu 1949 (tafadhali, hili si la Umoja wa Ulaya, ni chombo kingine kabisa, watu hukosea kila siku). Bunge la Ulaya nalo lazima lifanye vikao 12 kwa mwaka huko, ingawa kazi zake nyingi hufanyika Brussels. Mwaka 2014 wakaguzi wa hesabu wa Umoja walikadiria kwamba kuhamia Brussels kabisa kungeokoa takriban yuro milioni 114 kila mwaka. Ufaransa haitaki hata kusikia.

Basi mtu akiangalia majengo hayo anadhani mkoa mzima unakula matunda ya Ulaya. Teremka Lorraine uone. Mgodi wa mwisho wa madini ya chuma ulifungwa 1997. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe, ambao pia ulikuwa wa mwisho Ufaransa nzima, ulifungwa 2004 pale Creutzwald. Miji mizima iliyojengwa kuzunguka tanuri za chuma ikabaki na wazee na nyumba tupu.

Nani aliokoa jahazi? Luxembourg. Kanchi kale nako kaliishi kwa chuma, kikayumba kama Lorraine, lakini kakageukia benki na huduma za fedha. Leo zaidi ya watu 100,000 wanaoishi upande wa Ufaransa huvuka mpaka kwenda kufanya kazi huko. Mishahara ni mikubwa, na foleni ya magari kwenye barabara kuu ya A31 kutoka Metz na Thionville ni ya kila asubuhi.

Na hapa ndipo pesa zinapoanza kuuma. Mvuka mpaka huyo, kodi ya mshahara wake na michango yake ya bima ya jamii inabaki Luxembourg. Shule ya watoto wake, barabara ya kijiji chake na zimamoto wa mji wake vinalipwa upande wa Ufaransa. Akipoteza kazi, sheria za Umoja wa Ulaya zinasema posho alipwe na nchi anakoishi, na nchi aliyofanyia kazi inarudisha gharama ya miezi michache tu. Mtu anazalisha huku, anagharimiwa kule.

Je, ni lazima iwe hivyo? Hapana. Kusini zaidi, nje ya Grand Est, Geneva imekuwa ikirudisha sehemu ya pesa kwa wilaya za Ain na Haute-Savoie tangu makubaliano ya 1973: asilimia 3.5 ya mishahara ya wavuka mpaka kabla ya makato. Luxembourg imekataa mtindo huo kwa Ufaransa. Inapendelea kuchangia miradi ya pamoja kama reli. Mameya wa mpakani wamelalamika miaka nenda miaka rudi, na kuunganishwa kwa mikoa hakukubadilisha mezani kitu, kwa sababu mikataba ya kodi hujadiliwa na Paris. Mkoa unaweza kuwa mkubwa kama nchi lakini hauna mamlaka hayo.

Linganisha na jirani. Baden-Württemberg, ng'ambo ya mto Rhine, ina bajeti ya zaidi ya yuro bilioni 50, polisi wake, walimu wake na bunge linalotunga sheria. Grand Est ina bilioni chache, kazi zake kubwa ni treni za mkoa, majengo ya shule za sekondari na mafunzo ya kazi. Huo "ukubwa wa Ulaya" ulikuwa wa eneo na idadi ya watu tu.

Na ile hoja ya kuokoa? Mwaka 2019 Cour des comptes, chombo kinachokagua hesabu za umma Ufaransa, kilisema kuunganisha mikoa kumeongeza gharama, angalau kwa kuanzia. Sababu moja ni rahisi sana: ukiunganisha ofisi tatu zenye posho tofauti, hakuna mfanyakazi atakayekubali kushushwa. Wote wanapandishwa hadi kwa aliyekuwa akilipwa zaidi. Na ofisi hazikufungwa zote. Makao makuu ya Grand Est ni Strasbourg, vikao vya baraza zima hufanyika Metz, na Châlons-en-Champagne, zaidi ya kilomita 300 kutoka Strasbourg, nayo ilibaki na jengo lake.

Kwa hivyo siku hizi mtu akiniambia tuunganishe kaunti, namuuliza mambo mawili tu: posho zitasawazishwa kwenda juu au chini, na kaunti hiyo mpya itakusanya kodi gani ambayo zile za zamani hazikuweza kukusanya?

Alsace yenyewe haikunyamaza. Tangu 1 Januari 2021 wilaya zake mbili zimeungana kuwa chombo kimoja, bado ndani ya Grand Est, na kikapewa barabara kuu. Si jambo dogo: Ujerumani ilipoanza kutoza malori ushuru wa barabara mwaka 2005, malori mengi yalivuka Rhine kuja kupita bure Alsace, na sasa Alsace inaweza kuweka ushuru wake. Kisha viongozi wake wakawauliza wananchi kama wanataka kutoka Grand Est kabisa. Zaidi ya watu 150,000 walijibu, asilimia 92 wakasema ndiyo. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya kisheria, na wengi hawakushiriki, lakini ilipigwa mwanzoni mwa 2022, miaka sita tu baada ya ndoa.