Mtu, Kitu na Hasira ya Askofu

Kifo cha mwanafalsafa V. Y. Mudimbe, mwana wa Likasi, mwezi wa Aprili 2025, kimenirudisha kwenye kitabu alichokikosoa sana: Falsafa ya Kibantu cha Padri Placide Tempels.

Ugomvi wenyewe, wa kuuliza kuwako ni nini, ni wa kale. Descartes, 1641, alitilia shaka kila kitu akabaki na fikra zake. Berkeley, 1710, akashikilia udhanifu: kitu kuwako ni kuonwa. Watu wa uhalisia wakamjibu kwamba jiwe lipo hata wote wakilala. Leibniz alipita kando: kiini cha kila kilichopo ni nguvu.

Tempels, Mfransisko Mbelgiji, alifika Kongo mwaka 1933 akakaa na Waluba wa Katanga, upande wa kusini wa Kabambare, Maniema. Kibangubangu cha Kabambare ni ndugu wa Kiluba. Tempels aliandika kwa Kiholanzi, Antoine Rubbens akakitia kitabu Kifaransa, na mwaka 1945 kikatoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Hoja yake: kwa Mbantu, kuwako ni nguvu, na nguvu hiyo hupungua kwa ugonjwa na kuongezeka kwa baraka. Leibniz angesogeza kiti asikilize.

Aliyewaka hasira ni Askofu Jean-Félix de Hemptinne wa Katanga. Alitaka Roma ikilaani kitabu. Naona Leibniz hakumkosesha usingizi. Ikiwa Mluba ana falsafa yake tangu zamani, mmisionari amekuja kumwagia maji nani? Mwaka 1946 Tempels alikwenda Ubelgiji, na hakurudi Kongo hadi 1949, mwaka uleule wachapishaji wa Présence Africaine, Paris, walipokichapa upya kitabu. Akapigwa na upande wa pili pia: mshairi Aimé Césaire alikebehi wakoloni wanaoheshimu roho ya Mbantu huku mshahara wake ukibaki kiduchu.

Padri Alexis Kagame wa Rwanda akaendeleza kazi mwaka 1956 kwa kuchambua ngeli: muntu (mtu), kintu (kitu), hantu (mahali na wakati), kuntu (namna). Kisha mwanafalsafa Hountondji wa Benin na Mudimbe wakauliza: anayesema katika kitabu cha Tempels ni Mluba, au ni padri?

Na lugha zetu zenyewe? Mwanafunzi wa Kasongo, Maniema pia, humsoma Descartes kwa Kifaransa, na lugha ya mama yake haiulizwi kitu. Ni aibu. Pikipiki ikizimika katika njia ya Kabambare, fundi huitazama na kusema, "Imekufa." Tempels angeliandika hilo daftarini upesi. Hountondji angemgeukia fundi amuulize kama ndivyo anavyoamini, au ndivyo tu watu wanavyosema.