Kongosho na Damu Isiyotajwa: Jinja na Mbale katika Historia ya Tiba ya Uganda

Mgonjwa atapikaye damu katika miji ya Jinja na Mbale hushukiwa kwanza kuwa na vidonda vya tumbo au maradhi ya ini. Shaka hiyo ina msingi. Jinja imekaa ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ambako kichocho cha matumbo huharibu ini na kuvimbisha mishipa ya umio. Hata hivyo, uzoefu huo huo waweza kukifunika chanzo kingine, adimu lakini cha hatari: kongosho lililougua kwa miaka mingi.

Kongosho la namna hiyo huweza kuudhoofisha ukuta wa ateri ya wengu, hata ukafura na kupasuka. Damu ikapita katika mfereji wa kongosho hadi utumboni. Hutoka kwa vipindi, hivyo kamera iliyoingizwa tumboni siku ya utulivu haioni kitu. Pengine vena ya wengu huziba, na mishipa ya tumbo ikavimba. Hapo ndipo mtu hudhani ni kichocho, ingawa ini ni zima. Lower na Farrell walieleza damu ya mferejini mwaka 1931. Sandblom akaipa jina la kitaalamu mwaka 1970.

Utafiti wa Uganda ulilitangulia jina hilo. Mwaka 1948 Davies, mwanapatholojia wa Kampala, alionyesha jinsi kongosho linavyonyauka kwa watoto wenye kwashiakoo. Mwaka 1960 Shaper aliuhusisha ugonjwa sugu wa kongosho na upungufu wa protini. Swali la zama hizo lilikuwa chakula, nalo lilikuwa swali zuri. Damu haikuwa kiini chake.

Lugha nayo ina sehemu yake. Wodini husikika Lusoga, Lumasaaba, Luganda na Ateso, pamoja na Kiswahili kilichosambazwa na kambi za jeshi, reli na viwanda, na kilichotambuliwa kikatiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili. Kamusi zina neno kongosho, lakini mgonjwa husema tumbo, na tumbo ni pana. Fomu ya Kiswahili inayouliza iwapo maumivu huenda mgongoni, iwapo hupungua akiinama mbele, iwapo choo kina mafuta, na amekunywa waragi au malwa kwa miaka mingapi, ingempa daktari sababu ya kulitazama kongosho kabla damu haijarudi.