Mtaji Nafsi, Si Rasilimali Watu

Mwaka jana nilirudishiwa mswada wa kitabu cha uchumi nilioutafsiri kwa miezi minane. Kila nilipoandika "mtaji nafsi", kalamu nyekundu ilikuwa imefuta na kuandika "rasilimali watu". Nilipouliza sababu, niliambiwa kamati ilikwisha kupitisha. Kamati hiyo sikuitwa, na hoja zake sijaonyeshwa mpaka leo.

Dhana yenyewe, ambayo Kiingereza huiita "human capital", haina mgogoro. Theodore Schultz aliitetea mbele ya wanauchumi wenzake wa Marekani mwaka 1960, Gary Becker akaiandikia kitabu mwaka 1964, na wote wawili walitunukiwa Nobel, 1979 na 1992. Mtu hutoa ada, muda na ujira anaoukosa akiwa darasani, kisha huvuna kipato kikubwa zaidi. Kinachogombewa ni jina.

Tuanze na rasilimali. Asili yake ni Kiarabu, ra's al-mal, yaani kichwa cha mali: fedha anayoanza nayo mfanyabiashara kabla ya faida kuingia. Wapo watakaodakia hapo wakisema basi rasilimali ndiyo mtaji. Ndivyo ilivyokuwa zamani, lakini maneno nayo huhama. Leo ukitamka rasilimali, msikilizaji huona madini, misitu, maji na samaki, vitu vilivyokuwapo kabla hatujavigusa. Ukitamka rasilimali watu, huona ofisi inayoandika barua za likizo na uhamisho. Schultz alisema jambo lililo mbali na hayo: ujuzi hauchimbwi ardhini, hutengenezwa kwa gharama.

Wengine wametuletea "mtaji watu". Hawa walikaribia, kisha wakakwama pabaya zaidi. Kwa muundo huo, mtaji watu ni mtaji ambao ni watu. Katika pwani hii ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, watu waliwahi kweli kuwa mtaji wa wengine: walihesabiwa, wakauzwa, wakarithiwa. Schultz mwenyewe alikiri kwamba wengi walichukizwa kumwita binadamu mtaji, kwa kuwa wazo hilo liliwarudisha kwenye utumwa. Istilahi ya Kiingereza imebaki na doa hilo. Sisi tunaounda neno letu upya, kwa nini tulitafsiri na doa lake?

Nafsi ndiyo mtu mwenyewe. Katika mtaji nafsi, mtaji na mwenye mtaji ni kitu kimoja, na hapo ndipo nadharia nzima iliposimama. Fundi akiibiwa cherehani amepoteza mtaji. Kipimo na mkato vimebaki mikononi mwake, naye atahama navyo mji hadi mji. Havipigwi mnada, haviwekwi rehani, wala mwanawe hatavirithi asipojifunza. Wahenga walikwisha kulisema: mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Huyo "mwenyewe" ndiye nafsi. Tena wachezaji wa bao huita mtaji ile hatua inayokula kete za mwenzako. Kete zilizolala shimoni hazijakuletea kitu mpaka uzicheze, na ujuzi nao ni vivyo hivyo.

Mshindani mmoja alinijibu mbele ya watu kwamba neno langu litachanganywa na mtaji binafsi. Jibu lake limenikaa moyoni, kwa kuwa alicheka kabla ya kufikiri. Bi- hiyo ni ya Kiarabu, maana yake "kwa". Binafsi ni "kwa nafsi yake". Mwanafunzi anayejifunza nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika sarufi hazichanganyi na ubinafsi. Kwa nini achanganyikiwe afikapo kwenye uchumi?

Matumizi ni mepesi: wingi ni mitaji nafsi, serikali huwekeza katika mtaji nafsi, na mlinganyo wa Jacob Mincer, unaohusisha kipato na miaka ya shule na ya uzoefu kazini, hukadiria faida ya mtaji nafsi.

Walimu wa uchumi, liandikeni neno hili ubaoni na mlisikilize likitamkwa na wanafunzi wenu. Istilahi hukubaliwa darasani na sokoni. Muhuri wa kamati hufuata nyuma. Mswada wangu nimeurudisha kwa mchapishaji, na mtaji nafsi nimeurejesha kila ulipofutwa.